Mitishamba na saratani: Safari ndefu kutoka mlimani hadi wodini

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

UKITOKA Dar es Salaam kwa barabara kuu, kilomita chache kabla ya kuingia mjini Morogoro, utapita Kingolwira. Wengi wanaifahamu kwa gereza lake na kwa kituo cha reli ya kati. Lakini msafiri anayetazama upande wa kushoto huona jambo jingine: Milima ya Uluguru, iliyofunikwa na ukungu, mahali ambapo kwa vizazi vingi Waluguru wamekuwa wakichimba mizizi, kubandua magome na kuchuma majani kwa ajili ya tiba.

Milima hiyo ni sehemu ya safu ya Tao la Mashariki. Ina zaidi ya aina 100 za mimea ambazo hazioti mahali pengine popote duniani. Kwa hiyo si ajabu kwamba swali moja husikika mara kwa mara vijijini, mjini Morogoro na hata katika daladala za Dar es Salaam: Je, katika misitu hii hakuna dawa ya saratani?

Swali hilo si la kupitisha muda. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani yanaonesha kuwa Tanzania hupata wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 wa saratani kwa mwaka. Wengi wao hufika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ugonjwa ukiwa umeshafika hatua ya tatu au ya nne, na baadhi yao walianza kwa kutumia dawa za miti kwa miezi kadhaa. Ukweli kuhusu mitishamba na saratani ni jambo linaloweza kuamua nani ataishi na nani hataishi.

Ukweli huo una pande mbili. Upande wa kwanza ni kwamba mimea imekwisha kutupatia dawa za saratani, tena baadhi ya zile bora kabisa, na Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia hiyo. Upande wa pili ni kwamba kati ya mmea unaoua seli za saratani maabara na dawa inayoponya mtu wodini kuna safari ndefu, na mimea mingi huishia njiani.

Saratani ni seli za mwili wenyewe

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo ndogo ziitwazo seli. Kila seli ina utaratibu wake: huzaliwa, hufanya kazi, hugawanyika inapohitajika, na hufa wakati wake ukifika. Seli iliyoharibika hupewa amri ya kujiua, na kwa kawaida hutii.

Saratani huanza pale seli moja inapoacha kutii. Chembe za urithi zinazosimamia ugawanyikaji wake huharibika, nayo huanza kuzaana bila kikomo, haisikii amri ya kujiua, na baadaye hupeleka wana wake sehemu nyingine za mwili.

Hapa ndipo ulipo ugumu wa tiba. Kijidudu cha malaria au bakteria wa kifua kikuu ni mgeni mwilini, hivyo ni rahisi kutafuta sumu inayomdhuru yeye bila kumdhuru mwenyeji. Seli ya saratani si mgeni. Ni mtoto wa nyumbani aliyeharibika. Anafanana na ndugu zake karibu kwa kila kitu, na sumu inayomuua yeye huweza kuwaua na wao pia.

Kuua seli za saratani, basi, si kazi ngumu. Hata dawa ya kufulia nguo nyeupe ikimwagwa katika kisahani cha maabara itaziua zote. Kazi ngumu ni kuziua hizo na kuziacha hai za jirani. Wataalamu wanapozungumzia dawa yenye kuchagua, wanamaanisha hilo.

Ua la uani lililookoa watoto

Mmea wa kwanza kuleta mageuzi ni ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe lenye asili ya Madagaska, ambalo leo hupandwa kama pambo mbele ya nyumba katika miji mingi ya joto. Jina lake la kisayansi ni Catharanthus roseus. Katika visiwa vya Karibi, waganga walikuwa wakichemsha majani yake kutibu kisukari.

Mwaka 1952 majani hayo yalitumwa kutoka Jamaica kwenda Canada, yakafika mikononi mwa mtafiti Robert Noble wa Chuo Kikuu cha Western Ontario. Alipowapa wanyama wa maabara, sukari haikushuka. Kilichoshuka ni idadi ya chembe nyeupe za damu. Noble na mwenzake Charles Beer waliona maana yake mara moja: kitu kinachopunguza chembe nyeupe za damu huenda kikafaa dhidi ya saratani ya damu. Mwaka 1958 walitangaza kemikali waliyoipata, ambayo leo huitwa vinblastini. Watafiti wa kampuni ya Eli Lilly ya Marekani, waliokuwa wakichunguza mmea huo huo, walipata nduguye, vinkristini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1963.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kueleza. Seli inapotaka kugawanyika, hujenga nyuzi nyembamba zinazovuta chembe za urithi, nusu upande huu na nusu upande ule. Vinkristini huzuia nyuzi hizo zisijengwe. Seli hukwama katikati ya kugawanyika, na mwisho hujiua. Kwa kuwa seli za saratani hugawanyika mara nyingi kuliko seli nyingi za kawaida, ndizo zinazoumia zaidi.

Lakini zipo seli nyingine za mwili zinazogawanyika kwa kasi: za mizizi ya nywele, za utumbo na za uboho unaotengeneza damu. Ndiyo maana dawa nyingi za kemotherapia husababisha nywele kunyonyoka, kichefuchefu na upungufu wa kinga. Vinkristini yenyewe hujulikana zaidi kwa kudhuru mishipa ya fahamu, na mgonjwa huweza kuhisi ganzi vidoleni. Kwa maneno mengine, huchagua, lakini haichagui kikamilifu.

Afrika Mashariki inahusika moja kwa moja. Mwaka 1958, mwaka uleule wa tangazo la Noble na Beer, daktari wa upasuaji Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 kupita nchi za Afrika Mashariki na Kusini, Tanganyika ikiwemo, akiuliza hospitali kwa hospitali ugonjwa huo unaonekana wapi. Katika miaka ya 1960 watoto waliokuwa na uvimbe huo walitibiwa kwa dawa, vinkristini ikiwa mojawapo, na baadhi yao walipona kabisa. Kituo kilichoanzishwa Kampala mwaka 1967 kwa kazi hiyo ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Mtoto aliyepona Mulago aliponywa kwa kemikali ya ua. Hata hivyo, hakunywa chai ya ua hilo. Inakadiriwa kuwa huhitajika takriban nusu tani ya majani makavu kupata gramu moja ya vinblastini, na dozi moja ya vinkristini kwa kawaida haizidi miligramu 2. Ikipungua haifanyi kazi, ikizidi inaua. Hakuna sufuria wala kikombe kinachoweza kupima kiasi hicho.

Ua hilo si peke yake. Gome la mti wa yew wa magharibi mwa Marekani lilitoa paklitakseli, dawa iliyoidhinishwa mwaka 1992 na ambayo leo hutumika sana kwa saratani za matiti na ovari. Mti wa Kichina uitwao Camptotheca ulitoa chanzo cha dawa mbili za saratani za utumbo na ovari.

Mti wa Shimba Hills na somo la miaka 40

Kisa kinachotuhusu zaidi ni cha miti ya jamii ya Maytenus, inayoota Ethiopia, Kenya na sehemu nyingine za ukanda wetu. Mwaka 1972 mwanakemia Morris Kupchan wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, alitangaza kupata katika mti wa jamii hiyo kutoka Ethiopia kemikali kali mno, akaiita maitansini. Kiasi kidogo sana kilitosha kuua seli za saratani maabara.

Kwa kuwa kemikali hiyo hupatikana kwa uchache mno ndani ya mti, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilihitaji mzigo mkubwa. Katika miaka ya 1970 zaidi ya tani 27 za Maytenus buchananii zilikusanywa kutoka Shimba Hills, katika pwani ya Kenya, kwenye eneo la Wadigo. Miti mikubwa ya eneo hilo ilimalizwa kwa ajili ya majaribio.

Majaribio yalishindikana. Wagonjwa waliopewa maitansini walipata madhara makubwa ya tumbo na mishipa ya fahamu, huku saratani zao zikipungua kidogo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 dawa iliwekwa kando. Sumu ilikuwa kali kwelikweli, lakini haikujua nani adui na nani ndugu.

Wanasayansi hawakuisahau. Walijiuliza: kama sumu yenyewe haiwezi kuchagua, je, haiwezi kupewa mwongozaji? Walichukua kingamwili, yaani askari wa mwili anayetambua alama maalumu, na kumfunga mgongoni aina ya maitansini. Kingamwili waliyoichagua hutambua alama iitwayo HER2, ambayo huwa nyingi mno juu ya seli za baadhi ya saratani za matiti. Askari huyo huzunguka katika damu, hukutana na seli yenye alama, hushika na kumezwa pamoja na mzigo wake. Sumu huachiliwa ndani ya seli ileile, na huko ndiko inakoua.

Dawa hiyo, yenye jina la biashara Kadcyla, iliidhinishwa Marekani Februari 2013, miaka 41 baada ya tangazo la Kupchan. Kiini cha sumu yake siku hizi hutengenezwa kwa kuchachusha bakteria, wala si kwa kukata miti. Utafiti wa baadaye umeonesha hata kwamba katika baadhi ya mimea ya ukoo huo, maitansini hutengenezwa na vijidudu vinavyoishi mizizini na si na mmea peke yake.

Kisa hiki kina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mti wa Afrika Mashariki kweli uliweza kuzaa dawa inayochagua seli za saratani. La pili ni kwamba uwezo huo wa kuchagua haukuwa ndani ya mti. Uliongezwa na binadamu kwa kazi ya miongo minne.

Stafeli na ile habari ya “mara 10,000”

Hapa ndipo tufike kwenye jambo ambalo wasomaji wengi wamekutana nalo katika simu zao: habari kwamba stafeli lina nguvu mara 10,000 kuliko kemotherapia. Mstafeli si mti mgeni Morogoro, na watu wengi wenye wagonjwa nyumbani huchemsha majani yake kwa imani hiyo.

Habari hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliripoti kuwa kemikali moja waliyoichuja kutoka mbegu za stafeli ilikuwa na nguvu mara 10,000 kuliko dawa ya adriamisini dhidi ya aina moja ya seli za saratani ya utumbo mpana. Kemikali hiyo ni ya kundi la asetojenini. Ya kwanza kabisa ya kundi hilo, uvarisini, ilitangazwa mwaka 1982 kutoka mizizi ya Uvaria acuminata, mmea wa ukanda wa Afrika Mashariki ulio wa ukoo mmoja na mstafeli na mtopetope.

Asetojenini hushambulia mitokondria, yaani majiko ya seli yanayotengeneza nishati. Seli ya saratani hutumia nishati nyingi, hivyo jiko likizimwa hufa mapema. Kwa nadharia, huo ni mwanzo mzuri wa kuchagua.

Tatizo ni yale yaliyoachwa habari ilipotoka maabara kwenda mitaani. Kwanza, kilichopimwa ni kemikali safi iliyochujwa kutoka kwenye mbegu, si juisi ya tunda wala chai ya majani. Pili, kilipimwa dhidi ya seli katika kisahani, na ile “mara 10,000” ilihusu aina moja tu ya seli. Tatu, hakuna jaribio kubwa la wagonjwa lililothibitisha kuwa stafeli huponya saratani yoyote.

La nne ni zito zaidi. Mitokondria haimo katika seli za saratani tu. Seli za ubongo nazo hutegemea sana majiko hayo. Katika kisiwa cha Guadeloupe huko Karibi, ambako watu hula matunda ya jamii hiyo kwa wingi na kunywa chai ya majani yake, madaktari waliripoti mwaka 1999 aina isiyo ya kawaida ya ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na wa Parkinson, wakauhusisha na ulaji huo. Ubishi wa kitaalamu kuhusu uhusiano huo haujaisha, lakini majaribio ya maabara yameonesha kuwa anonasini, mojawapo ya asetojenini za stafeli, huua seli za neva.

Hili halimaanishi kwamba anayekula stafeli baada ya mlo aogope. Tunda ni chakula. Bali anayekunywa chai nzito ya majani kila siku kwa miezi, akiamini haiwezi kudhuru kwa sababu ni ya asili, anapaswa kujua kwamba kile kinachoweza kuua saratani kinaweza pia kuua visivyo saratani.

Artemisia: pale madini ya chuma yanapogeuka mtego

Mfano wa kuvutia zaidi wa kemikali ya mmea yenye dalili za kuchagua kwa asili yake ni artemisinini. Inatokana na mmea wa artemisia, uliotumika katika tiba ya Kichina kwa karne nyingi. Mwanasayansi Tu Youyou aliigundua kama dawa ya malaria katika miaka ya 1970, na akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Tanzania tunaifahamu vizuri: ndiyo msingi wa dawa mseto iliyoanza kutumika nchini mwishoni mwa mwaka 2006, na artemisia imelimwa na wakulima wa kaskazini mwa nchi.

Artemisinini ina muundo unaofanana na bomu dogo, na kiwashio chake ni madini ya chuma. Kijidudu cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu ya damu yenye chuma kwa wingi. Artemisinini ikikutana na chuma hicho hulipuka na kutoa chembe kali zinazoharibu kila kilicho karibu.

Henry Lai na Narendra Singh wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walifikiri hivi: seli za saratani nazo zina njaa ya chuma, kwa kuwa huhitaji madini hayo ili kugawanyika, na nyingi huwa na vipokezi vingi zaidi vya kuyavuta. Mwaka 2001 walitangaza kwamba walipozipa seli za saratani ya matiti chuma cha ziada kisha aina ya artemisinini, karibu zote zilikufa ndani ya saa 16, huku seli nyingi za kawaida zikibaki hai.

Matokeo hayo yaliandikwa magazetini duniani kote. Zaidi ya miaka 20 imepita. Utafiti unaendelea, na majaribio madogo kwa wagonjwa yamefanyika, lakini hadi leo artemisinini haijaidhinishwa kama tiba ya saratani. Sababu mojawapo ni kwamba ndani ya mwili dawa hiyo huvunjwa na ini kwa muda mfupi, na kiasi kinachofika kwenye uvimbe si kile kilichowekwa katika kisahani.

Kutumia majani ya artemisia ovyo kuna hatari nyingine inayogusa jamii nzima. Kiasi kidogo kisicho na mpangilio huwapa vijidudu vya malaria nafasi ya kujizoesha na dawa. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya chai hiyo kwa malaria kwa sababu hiyo.

Kwa nini mimea mingi huishia njiani

Kati ya mwaka 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilipima zaidi ya michujo 110,000 ya mimea kutoka pande zote za dunia. Mingi ilionesha dalili za kuua seli. Iliyofika hospitalini kama dawa ni michache inayohesabika kwa vidole.

Kisahani cha maabara hakina ini la kuivunja dawa, figo za kuitoa, wala moyo na ubongo vya kudhurika. Dawa inayofaulu hapo hujaribiwa kwa wanyama, kisha kwa binadamu kwa awamu tatu. Ya kwanza huangalia usalama na kiasi. Ya pili huangalia kama kweli uvimbe unapungua. Ya tatu hulinganisha dawa mpya na iliyopo, kwa mamia au maelfu ya wagonjwa. Kila awamu huchuja.

Kwa hiyo msomaji akikutana na kichwa cha habari kisemacho kuwa mti fulani unaua seli za saratani, ajiulize swali moja: umeua wapi? Kama ni katika kisahani, hiyo ni habari ya kutia moyo kwa watafiti. Kwa mgonjwa, bado.

Gharama ya kuchelewa

Tanzania ina kumbukumbu yake. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walifunga safari hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa Sh500 kutoka kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyeaminiwa kutibu magonjwa sugu, saratani ikiwemo. Wakati huo serikali iliwatahadharisha wagonjwa wasiache dawa za hospitali. Miaka imepita, na saratani bado ipo.

Hasara kubwa ya mitishamba isiyothibitishwa mara nyingi haitokani na sumu yake. Inatokana na muda. Uvimbe wa titi ambao ungeweza kutolewa ukiwa mdogo kama punje ya mahindi, baada ya miezi minane ya kusubiri dawa ya miti huwa umefika kwapani na kwenye mapafu. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018 ulionesha kuwa wagonjwa wa saratani zinazotibika waliochagua tiba mbadala peke yake walikuwa na hatari ya kufa mara mbili na nusu kuliko waliotibiwa hospitalini. Kwa saratani ya matiti ilikuwa zaidi ya mara tano.

Ipo hatari nyingine: kuchanganya. Dawa nyingi za kemotherapia huvunjwa na vimeng’enya vya ini, na baadhi ya mimea huviongezea au kuvipunguzia kasi vimeng’enya hivyo. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi walionesha kuwa mmea mmoja maarufu wa Ulaya, unaotumiwa kwa huzuni, ulipunguza kwa zaidi ya asilimia 40 kiasi cha kemikali inayofanya kazi ya dawa ya irinotekani katika damu. Mgonjwa alidhani anajiongezea nguvu, kumbe anaiondoa dawa yake.

Saratani ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, inaonesha jinsi muda ulivyo na thamani. Uchunguzi wake wa awali hufanywa kwa siki: mhudumu hupaka siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu iliyoanza kubadilika huwa nyeupe. Ikionekana mapema hutibiwa kabla haijawa saratani. Chanjo dhidi ya kirusi kinachoisababisha ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018. Hakuna mti wa Uluguru wala wa Amazon unaoweza kufanya kazi hiyo ugonjwa ukishasambaa.

Tusiwadharau waganga, tusiuchome msitu

Yote haya hayapunguzi thamani ya maarifa ya wazee wa Uluguru. Bila waganga wa Karibi, huenda lile ua la uani lingebaki pambo tu. Mganga anayejua mti upi una ukali na upi ni salama amebeba matokeo ya majaribio ya vizazi, hata kama hayajaandikwa.

Tanzania imelitambua hilo kisheria. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilianzisha baraza la kusajili waganga na dawa zao. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Mimea ya dawa ikipelekwa huko na katika vyuo vyetu kupimwa, nchi inapata faida mbili: wagonjwa wanalindwa, na maarifa hayapotei.

Suala la haki nalo halikwepeki. Dawa za ua la Madagaska zilizipatia kampuni za nje fedha nyingi, lakini nchi ambayo ndiyo asili ya mmea haikupata mgawo. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 vinataka jamii zinazotoa mimea na maarifa zigawiwe faida. Makubaliano hayo hayana maana kama jamii yenyewe haijui thamani ya ilicho nacho.

Na hakuna cha kugawana kama msitu umekwisha. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru ilitangazwa mwaka 2008, lakini moto, ukataji miti na kilimo cha miteremkoni havijakoma. Msitu huo hutunza vyanzo vya Mto Ruvu unaonywesha Dar es Salaam. Pamoja na maji, huenda unatunza kemikali ambayo hakuna mtu amewahi kuipima. Shimba Hills imetufundisha kuwa mti unaweza kukatwa miaka 40 kabla dunia haijajua namna ya kuutumia.

Kwa msomaji mwenye mgonjwa nyumbani leo, ushauri ni mfupi. Uvimbe usioisha, kidonda kisichopona, kutokwa na damu kusiko kwa kawaida au kupungua uzito bila sababu ni mambo ya kupelekwa hospitali kwanza, si mwisho. Kama mgonjwa anatumia dawa ya miti, amwambie daktari wake bila kuona haya, na daktari asimkaripie, kwani akikaripiwa hatasema tena. Na yeyote anayemwambia mgonjwa aache dawa za hospitali ili mti ufanye kazi, hata kama anasema kwa nia njema, anamwondolea kitu ambacho mti bado haujathibitisha kuwa unaweza kukitoa.